Somo Lililopitwa na Wakati

Sisi walimu wanne, ambao sasa sote tumestaafu, tuna chaneli moja katika YouTube ambamo huweka masomo kwa watoto wa shule. Kila mmoja wetu anao uwezo wa kuweka video na wa kuiondoa. Nilidhani kazi ngumu ni kuweka. Kumbe sivyo.

Mwaka 2011 niliweka somo la mikoa ya Tanzania, nikasema ni 26. Nilisema kweli. Mwaka 2012 ikaongezwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikawa 30. Nikaweka somo jingine. Mwaka 2016 Songwe ikatolewa katika Mbeya, ikawa 31. Nikaweka la tatu. YouTube haikubali video mpya iwekwe mahali pa ile ya zamani. Kila moja hupata anwani yake na huanza kuhesabiwa watazamaji toka sifuri. Basi masomo yangu matatu yakakaa pamoja kwa jina lile lile, na watoto wakazidi kulifungua lile la kale, lenye watazamaji wengi.

Juzi mjukuu wa jirani yangu alikosa swali la mikoa. Aliandika 26. Nilipomwuliza nani kamfundisha, akajibu, "Ni wewe, Babu."

Je, nilikuwa nimesema uongo? Siku ile, la. Lakini darasani mwalimu hufuta ubao kipindi kikiisha. Ubao huu haufutiki wenyewe, na mtoto anayesoma peke yake usiku hana wa kumwuliza. Naona mtu anayeacha neno lisilo kweli tena, hali akijua kwamba linasikilizwa, ni kama analisema upya kila siku.

Nami nilijua. Mwenzangu mmoja aliniambia zamani tuliondoe, nikakataa. Nilitoa sababu nzuri nzuri: maswali ya watoto yaliyoandikwa pale yangepotea, historia ingefutika. Sababu hasa ilikuwa ile idadi ya watazamaji. Nilipenda kuitazama, mtu wa umri wangu!

Hata hivyo sikubaliani na wanaofuta ovyo. Video ikishafutwa hairudi, na kazi ya mwenzako si yako kuifuta eti kwa kuwa na wewe unao ufunguo. Hapana budi aulizwe kwanza, na nakala ihifadhiwe nyumbani. Somo la mikoa 30 tumelifuta; hakuna aliyelihitaji. Lile la kwanza tumelibadilisha jina tu, kwa kuwa jina hubadilishwa bila kugusa anwani. Sasa linaitwa "Mikoa ya Tanzania kabla ya 2012", na chini yake yapo maelezo ya kumwelekeza mtoto kwenye lile jipya.

Mjukuu wa jirani nimemwomba radhi. Aliniuliza kama alama zake zitarudishwa.