Soya Yetu Inarudi na Picha ya Mtoto

Wiki hii nimekasirishwa na pakiti ya unga. Niliikuta mezani kwa jirani hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, imetoka dukani Mbarara, ina picha ya mtoto mwenye mashavu. Unga wa lishe, wenye soya. Ningenyamaza, lakini mama huyo huyo alivuna soya nyuma ya nyumba yake, akaipima yote kwa mchuuzi wa pikipiki, hata kikombe hakubakiza. Nilipomuuliza, akacheka: "Mwalimu, ile ni chakula cha kuku. Wenye viwanda ndio wanajua kuitengeneza."

Alikuwa na wageni, sikumjibu. Namjibu hapa.

Kuku wanapewa, kweli. Wanapewa kwa nini? Soya kavu ina protini kama gramu 36 katika kila gramu 100. Maharage tunayoyaheshimu yanafika 22 hivi. Mfugaji wa Mbarara analijua hilo, ndiyo maana anatoa pesa. Kwa hiyo kuku wake anakula vizuri kuliko mtoto aliyeipalilia.

Wala hakuna siri ya kiwandani. Soya mbichi ndiyo yenye shida: ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na moto huvimaliza nguvu. Ichemshe, ianike, ikaange mpaka inukie, kisha peleka mashine pamoja na mahindi. Aliyewahi kukaanga karanga anaiweza kazi hiyo. Hata ule unga wa uji wa mgao, tuliousimamia foleni juani, ni mahindi na soya vilivyopikwa, vikaongezwa vitamini.

Najua nitakavyopingwa: Mwalimu, sabuni je? Ada je? Uji haununui daftari. Sawa, lakini tuhesabu. Anayefika siku hizi anapewa kiwanja kidogo, nyumba na choo humo humo. Mistari ya soya inayobaki hapo hailipi ada ya muhula, uuze usiuze. Pesa yake huisha wiki ile ile, na mara nyingi inaishia kwenye chakula.

Wala sisemi bustani ishike nafasi ya mgao. Tangu 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipotupanga kwa makundi ya mgao na kaya nyingine zikaondolewa kabisa, nimechoka kuambiwa "jitegemeeni" na watu wasiojua wilaya yetu ya Isingiro inavyokuwa mvua ikikatika Aprili. Hasira hiyo ninayo, na ni ya haki. Ila hainipi sababu ya kumpakilia mchuuzi kile kidogo kilichoota.

Halafu kuna mbegu, na hapa sina huruma na mtu. Soya hujichavusha yenyewe. Maksoy 3N, aina ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyotolewa 2010, ukiivuna kabla maganda hayajapasuka na kuikausha vizuri, inakupa mbegu ile ile kwa msimu unaofuata. Lakini haistahimili kukaa. Punje za mwaka juzi huota kwa kubahatisha. Aliyeuza yote Januari, Machi yuko Mbarara anatafuta mbegu, na bei hapangi yeye.

Debe la kwanza ni la watoto na la mbegu. Mchuuzi angoje, au aje msimu ujao, pikipiki anayo.