Ndege Mkononi: Hekima na Wajibu katika Hotuba ya Toni Morrison

Hotuba aliyoitoa Toni Morrison mjini Stockholm tarehe 7 Desemba 1993, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, hukumbukwa zaidi kwa jibu moja. Vijana wanamwendea ajuza kipofu, binti wa watumwa aliyesifika kwa hekima, wamtake aseme iwapo ndege waliyemshika yu hai au amekufa. Ajuza ananyamaza kitambo, kisha anajibu kwamba hilo halijui. Ajualo ni kuwa ndege yumo mikononi mwao. Morrison anamfasiri ndege kuwa ni lugha, na ajuza kuwa mwandishi aliyebobea.

Wahakiki wengi huishia hapo, ilhali hotuba haikuishia hapo. Katika sehemu ya pili vijana wanapewa sauti, nao wanadokeza kwamba mikono yao ilikuwa mitupu. Wanamlaumu ajuza kwa jibu lililomkinga yeye na kuwaacha wao bila wimbo wala hadithi ya kuwaongoza. Hapa ndipo swali la kimaadili linapozuka: je, mwenye hekima ana haki ya kujibu kwa fumbo? Penye wazee, wasema Waswahili, haliharibiki neno. Na mara nyingi methali ikishatolewa barazani, mjadala hukoma. Morrison anaitambua hekima ya namna hiyo lakini haipi kauli ya mwisho.

Yaweza kudaiwa kwamba ajuza alikuwa akijihami, kwani swali lilielekea kuudhihaki upofu wake. Dai hilo lina uzito, maana aliyedhihakiwa hadaiwi ukarimu. Hata hivyo, dhihaka na njaa ya maarifa huweza kuvaa vazi moja, na ajuza hakuuliza ni ipi iliyomjia mlangoni.

Vijana wanalazimika kusimulia wenyewe: mkokoteni wa watumwa umesimama penye nyumba ya wageni wakati wa theluji, mvulana anatoka na taa, msichana anawapa mkate na nyama, na kumtazama machoni kila anayempa. Ndipo ajuza anapowaamini. Je, uchoyo wake ndio uliozaa hadithi? Mwalimu mvivu angependa kuamini hivyo. Lakini walichokisimulia vijana ni kinyume cha walivyotendewa, kwani msichana wao hutoa kabla ya kumpima anayepokea. Ajuza anaisifu kazi hiyo kuwa ni yao na yake pamoja, na Morrison hasemi kama vijana waliukubali ubia huo.