Tusimwache Mwenzetu Nyuma
Vijana wetu wanajitayarisha kwa mashindano ya muziki ya jimbo. Kati yetu wamo wanaonong'ona: "Tuwaondoe wanaojifunza polepole, tupate kushinda." Tusikubali. Tusome 1 Nyakati 25: wanamuziki wa Hekalu walikuwa 288, wote wenye ustadi, lakini kura zilipopigwa hakuna aliyetangulizwa kwa ukubwa wala kwa elimu. Hata okestra yetu ya Wakimbanguisti kule Kinshasa ilianza mwaka 1994 kwa vyombo vichache, watu wakipokezana. Basi anayejua amkalishe karibu asiyejua. Mwenye chombo ampe mwenzake zamu. Kombe litapata kutu. Ndugu tuliyemwacha, Mungu atatuuliza habari zake. Amina.