Utulivu wa Moyo Watafutwa Wapi?

 

Katika darasa yetu limeletwa suali ambalo haifai kulijibu kwa neno moja. Muulizaji ni kijana wa hapa Lamu, kazi yake ni kuvusha wageni kwa mashua baina ya mji na Shela na Manda. Asema kwamba tangu ulipoanzishwa mkusanyiko wa yoga mwaka 2014 amewaona watu wazima, wenye mali na elimu, wakifunga safari ya maelfu ya maili ili waje wakae mkekani ufuoni, macho wameyafumba, wakizifuata pumzi zao. Baadhi yao humwambia kuwa kikao hicho asili yake ni kwa Wabudha, na kwamba kabla ya kukijua hawakuiona maana ya maisha yao. Mwanetu huyu auliza mambo mawili. Je, ni haramu kukaa nao? Na je, sisi tuna nini?

La kwanza si refu. Kuvuta pumzi na kunyamaza si ibada ya watu wowote. Ama kuinamia sanamu, au kutamka maneno ya kumtukuza asiyekuwa Mwenyezi Mungu, hilo halina mjadala. Na anayefundishwa neno asilolijua na aulize maana yake kabla hajalitia kinywani. La pili ndilo lenye uzito.

Haimpasi Muislamu kusema juu ya dini ya mwenziwe jambo asilolijua. Wanazuoni wetu wa kale walikuwa wapole wa kuchunguza kuliko sisi. Shahrastani, katika kitabu chake cha Milal wa Nihal cha karne ya 12, alipozieleza khabari za Budha alisema kuwa, ikiwa wayasemayo wafuasi wake ni kweli, basi wa kufanana naye kwetu ni Khidhr. Rashid al-Din, waziri wa Uajemi katika karne ya 14, alitia maisha ya Budha ndani ya tarikh yake kubwa, kwa msaada wa mtawa wa Kashmir. Wala watu hawa hawako mbali nasi: Wasinghala wana hekalu lao Dar es Salaam tangu miaka ya 1920, na huko Uganda mtawa aliye Mganda wa kuzaliwa alianzisha kituo mwaka 2005.

Wafuasi wake wasimulia kwamba Budha alikuwa mwana wa mtawala, katika nchi zilizo baina ya Nepal na India ya kaskazini. Alipokuwa na umri wa miaka 29 aliondoka usiku, akamwacha mke na mtoto mchanga, akazunguka miaka 6 akijitesa na kutafuta. Na alipofika miaka 35 akazindukana. Ndiyo maana ya jina lenyewe: Budha ni aliyeamka. (Msomaji atamkumbuka Ibrahim bin Adham, aliyeuacha ufalme wa Balkh.) Alifundisha kwamba tabu ya binadamu yatoka katika tamaa yake, na kwamba dawa yake ni njia yenye mambo 8. Sasa, ndugu msomaji, tazama mpango wa mambo hayo. Kukusanya moyo kwa kikao ndilo la mwisho kutajwa. Kabla yake pana kusema kweli, na kutenda wema, na kuchuma riziki iliyo safi; na katika kuchuma aliwakataza wafuasi wake biashara 5: ya silaha, ya binadamu, ya nyama, ya vileo na ya sumu.

Kwa hivyo mgeni aliyechukua kikao peke yake amechukua tawi akaliacha shina. Jambo hili lina tarikh yake. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha kikao hicho wagonjwa wa hospitali huko Massachusetts, akiisha kukivua mambo ya dini. Aliyelemewa na maumivu au wasiwasi akipata nafuu, hiyo ni kheri, nasi hatuipingi. Lakini mtu aweza kupata usingizi mzuri na bado asijue kwa nini anaamka.

Na hata pale ambapo tawi halikukatwa, kikao hakikuwa kinga. Mwaka 2017 jeshi la Myanmar, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wabudha, liliwafukuza ndugu zetu Warohingya kwa moto na risasi, na zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Kabla ya hapo baadhi ya watawa walikuwa wamehubiri chuki hiyo kwa miaka, watu ambao kukaa kimya ndiyo kazi yao.

Tusifurahi kulitaja hilo. Katika karne ya 19 mashamba ya bara iliyo mkabala wa Lamu yalilimwa na watumwa, na wenyewe mashamba walikuwa watu wa safu ya mbele misikitini. Waliswali alfajiri, wakavuta tasbihi, kisha wakaenda kuhesabu watu kama magunia. Utumwa ulipoondoshwa kwa sheria katika mwambao huu mwaka 1907, ulioondosha ni mkono wa serikali ya kigeni, si fatwa yetu. Leo unga wa sumu umeingia mitaani mwetu, na wanaouleta si wageni peke yao. Basi suali la kijana wetu, sisi tuna nini, lapasa liulizwe kwa haya kidogo.

Tunacho kitu, ila tumekiweka rafuni. Mtume (S.A.W.) alijitenga katika pango la Hira, ulipomjia wahyi alishuka nyumbani kwa Bi Khadija, na hatusomi kuwa alirudi kuishi pangoni. Imamu Ghazali aliuacha ualimu wake mkubwa wa Baghdad mwaka 1095, kwa kuwa aliona nia yake imeingiwa na jaha, akakaa faragha Sham na Baitul Mukaddas. Na mwaka 1106 alirudi kufundisha huko Nishapur. Katika Ihya ameandika kitabu kizima cha murakaba na muhasaba, na mfano alioutoa ni wa biashara. Akili ni tajiri, nafsi ni mshirika wake: asubuhi humuwekea sharti, mchana humwangalia, usiku hukaa naye kwa hesabu, akiona upungufu humtia adabu, humpa kazi ya ziada, na humlaumu. Hicho nacho ni kikao. Mtu hukaa kimya, peke yake, aitazame nafsi yake.

Tafauti iko katika kinachotafutwa. Mbudha afundishwa kuitazama nafsi mpaka aone kwamba hapana nafsi ya kudumu, na kamba ya tamaa ikatike. Muislamu aitazama nafsi yake mpaka aone kwamba itaulizwa. Na mimi naona kuwa humo katika kuulizwa ndimo yalimo maana ya maisha ambayo wale wageni waitafuta. Salman Alfarisi alipomkuta Abu Dardaa amemsahau mkewe kwa kufunga na kuswali, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, na kila mwenye haki apewe yake. Mtume akasema Salman amesema kweli. Hapa ndipo tusipoweza kumfuata Budha, kwani mke na mtoto walioachwa usiku ule walikuwa na dai. Lakini kwa insafu tuseme pia kwamba baada ya kuzindukana hakubaki chini ya mti: alitembea miaka 45 akiwafundisha watu, mpaka alipokufa na umri wa miaka 80.

Mtu ambaye hapana anayemdai kitu, si Mola wake, si mzee wake, si jirani yake, siku yake ni tupu, akiwa tajiri ufuoni Shela au kijana asiye na kazi kibarazani. Vijana waliotekwa na unga twawaona ndiyo wa kwanza kuondolewa madai: haulizwi tena yuko wapi, hatumwi sokoni, haamshwi kuswali. Tumewahurumia kwa kutowataka kitu, na huko ni kuwaua mara ya pili.

Darasa yetu imekata shauri kusoma kitabu hicho cha murakaba na muhasaba kila usiku wa Jumanne baada ya Magharibi, na kila kikao kitatanguliwa na robo saa ya ukimya, kila mtu na hesabu yake. Na tumewaomba wenye majahazi na wenye maduka jambo moja zaidi: kijana aliyeuacha unga akirudi mtaani, apewe kazi ambayo asipoifanya mtu ataenda kumgongea mlango.