Wale 90 wa Rakai

Tarehe 30 Machi 2000, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilifanya jambo ambalo kila nikilikumbuka linanisumbua upya. Katika toleo moja lilichapisha utafiti, na humohumo likaweka tahariri ya kuusema utafiti huohuo. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni kisha ukamsema mbele ya wageni wenzake.

Utafiti ulitoka Rakai, kusini mwa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. Tunazungumzia mahali ambapo Ukimwi ulianza kuzika watu mapema sana. Kati ya 1994 na 1998 watu zaidi ya 15,000 walikuwa wakifuatiliwa katika mradi mkubwa wa afya ya jamii. Baadaye watafiti walirudi kwenye kumbukumbu zao na kuwatafuta wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Wakapata jozi 415. Swali lao lilikuwa rahisi: je, wingi wa virusi kwenye damu ya mmoja unahusiana vipi na mwenzake kuambukizwa?

Jibu lilikuwa wazi. Katika kipindi cha hadi miezi 30, wenza 90 waliokuwa wazima waliambukizwa, na virusi vilivyozidi kuwa vingi ndivyo hatari ilivyopanda. Halafu likatokea hili: kwa jozi 51 ambazo mwenye virusi alikuwa na nakala chini ya 1,500 kwa mililita, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake.

Ukienda leo kliniki ukaambiwa kwamba anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake, ujue sentensi hiyo ina mizizi Rakai. Majaribio yaliyofuata, hasa lile kubwa la mwaka 2011, yalithibitisha kwa dawa kile ambacho zile jozi 51 zilikuwa zimedokeza bila dawa. Watu wanaoa, wanazaa, wanalala bila hofu. Si jambo dogo.

Sasa rudi kwa wale 90.

Marcia Angell, aliyekuwa mhariri mkuu wa jarida, aliandika kwenye tahariri yake kwamba utafiti wa namna hii usingekubalika Marekani. Kule ingetarajiwa mgonjwa apewe matibabu na mwenza wake aonywe. Rakai dawa hazikuwepo, na wengi wa wale wazima waliendelea kulala kitanda kimoja na hatari ambayo majibu yake yalikuwa yameandikwa kwenye faili la mtu mwingine.

Watafiti nao walikuwa na hoja, na sitaki kuipuuza. Kila mshiriki alipewa nafasi ya kujua majibu yake bure, ushauri nasaha bure, kondomu bure. Sera ya Uganda haikuruhusu mtu kutoa siri ya mgonjwa kwa mwenza bila ridhaa yake. Na dawa za kufubaza virusi, kwa bei ya miaka ile, zilikuwa ndoto kwa kijiji kizima. Yaani hawakumnyima mtu kitu ambacho nchi yake ilikuwa nacho.

Sawa. Lakini hebu isikilize hoja hiyo ilivyokaa: kiwango cha utu unachostahili kinapimwa kwa umaskini wa mahali ulipozaliwa. Ukishakubali hilo, mtafiti mwenye haraka anajua pa kwenda.

Je, jarida lingekataa? Azimio la Helsinki, liliporekebishwa mwaka 1975, lilisema bila kona kwamba ripoti za majaribio yaliyokiuka maadili yake zisikubaliwe kuchapishwa. Mantiki yake ni kwamba mtafiti anaishi kwa kuchapishwa, kwa hiyo mlango ukifungwa hapo, tamaa inaishia njiani. Naiheshimu hoja hiyo, tena naijua kutoka upande wa pili. Nikiwa mwandishi mchanga niliwahi kuleta chumbani kwa wahariri habari ya mama mmoja wodini, aliyenisimulia mambo akidhani mimi ni mtu wa ustawi wa jamii. Sikumdanganya. Sikumsahihisha pia. Habari ilitoka, ikasifiwa, na hakuna aliyeniuliza niliipataje. Mara ya pili mtu huona njia imeshafunguka.

Ila kukataa nako kuna gharama yake, na atakayeilipa si mtafiti. Wale 90 wangekuwa wameambukizwa vilevile. Tofauti ni kwamba kilichojulikana kupitia miili yao kingebaki kwenye droo, na wenza wengine maelfu wangesubiri miaka zaidi kujua.

Hapo ndipo watu huikimbilia tahariri kama suluhisho: chapisha, halafu kemea. Nami kwa shingo upande nakubali kwamba ilikuwa afadhali kuliko kimya. Utafiti wa Tuskegee, ambamo wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba, haukuwa siri. Ripoti zake zilichapishwa kwenye majarida ya tiba kuanzia 1936, madaktari wakazisoma na kufungua ukurasa unaofuata, mpaka magazeti ya kawaida yalipopiga kelele mwaka 1972. Angalau Angell hakufungua ukurasa unaofuata.

Lakini tazama nani alipata nini. Jarida lilipata ugunduzi na likapata usafi wa dhamira, vyote kwa toleo moja. Watafiti walipata jina. Sisi tulipata elimu, mimi nikiwemo, kwa sababu nina ndugu anayeishi vizuri na mkewe kwa ajili ya elimu hiyo. Wale 90 kwenye makala ni namba tu, na lazima wawe namba ili siri yao ilindwe. Ni siri ileile iliyowafanya wasiambiwe.

Ningekuwa mhariri, nadhani ningechapisha. Ningeomba jambo moja kabla ya wino: mtu arudi Rakai, akae na wale watu kwa lugha yao, awaeleze kilichogunduliwa kutoka kwao, kisha awaulize kama wanakubali kisomwe na dunia. Na kama wangesema hapana, sijui ningefanya nini na makala ile mezani.