Ushahidi wa Aliyetua Kwanza

Wengi wetu tuliozaliwa pwani theluji tunaisikia tu, au tunaiona kwenye picha. Lakini nitakalolieleza hapa si la theluji peke yake.

Katika nchi za baridi, kama Kanada na kaskazini ya Marekani, viwanja vingi vidogo havina mtu wa kukaa usiku kucha akipima njia ya kutulia ndege. Theluji ikianguka hufunika kingo za njia, na weupe wa chini ukichanganyika na weupe wa mbingu, rubani hupotewa asijue amebakiza kimo gani. Akigusa chini, breki hazishiki. Ndege ndogo ni nyepesi, upepo wa ubavuni huisukuma, na gurudumu moja likinasa katika tuta la theluji iliyofagiliwa pembeni, ndege nzima huzunguka. Mara nyingi hafi mtu. Rafadha hupinda, mguu wa ndege huvunjika, na rubani hutoka akijikung'uta.

Kwa hiyo iko desturi baina yao: anayetua kwanza humwarifu anayefuata jinsi breki zilivyoshika. Maneno yenyewe ni machache: nzuri, ya kadiri, mbaya, au hazishiki kabisa. Sasa tazama ugumu wake. Kusema "mbaya" ni kama kukiri mbele ya wenzako kwamba nusura uangushe chombo, na mtu huona haya. Husema "ya kadiri," akaenda zake kunywa kahawa.

Je, huyo amesema uongo? Atajitetea kwamba kila ndege ina uzito wake, na kwamba alisema alivyohisi. Mimi utetezi huo naukubali nusu. Hisia ni zake, lakini neno akishalitoa si lake tena, limekuwa amana kwa asiyemwona. Angeongeza tu ndege yake ni ya aina gani, na ni sehemu ipi ya njia aliyoteleza, angekuwa ametoa ushahidi kamili bila kujidhalilisha.

Na wenye haki katika neno lile si marubani wawili tu. Tarehe 8 Desemba 2005, ndege kubwa, Boeing 737, ilitua katika theluji kwenye uwanja wa Midway, Chicago, uliobanwa na nyumba na barabara pande zote. Marubani walikuwa wameambiwa breki ni za kadiri nusu ya kwanza ya njia, na mbaya nusu ya pili. Walipiga hesabu ikaonyesha nafasi itatosha, ingawa upepo ulikuwa ukiwasukuma kwa nyuma. Hesabu ile ilikwisha kutia ndani msaada wa injini zinaposukuma kinyume, nao hawakulijua hilo. Walipogusa chini wakachelewa kuzigeuza injini, na wachunguzi walikuja kusema ucheleweshaji huo ndio ulioleta ajali. Ndege ilivunja ua ikaingia barabarani. Ndani yake hakufa mtu. Aliyekufa ni mtoto wa miaka 6, aliyekuwa katika motokaa akipita na jamaa zake.

Mtoto yule hakukata tikiti, hakuulizwa kama "ya kadiri" inamtosha. Nahodha anayemwambia mwenzake habari za mwamba humfikiria mwenzake, pengine na shehena. Mpita njia ni nani wa kumfikiria?

Tangu Oktoba 2016 viwanja vya Marekani vyenye watumishi hutoa namba, 0 hadi 6, kwa kila theluthi ya njia, kwa kutazama aina ya theluji na kina chake. Ripoti za marubani hazikuondolewa. Na katika kiwanja kidogo kisicho na mtu, saa nane za usiku, anayeulizwa bado ni yule aliyetua kabla.