Dhamana ya Mwenye Kusifu Kitabu

Mtu anayemsifia mwenzake kitabu humwomba sehemu ya umri wake, jioni kadhaa ambazo zingetumika kwa usingizi, kwa ibada au kwa kuketi na jamaa, naye hana cha kuweka rehani ila neno lake. Kwa hiyo swali la thamani ya maoni juu ya vitabu, ambalo aghalabu huzimwa kwa kusema kuwa kila mtu na ladha yake, naliona ni swali la adili kabla ya kuwa swali la elimu. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1790 kwamba mtu akihukumu kuwa kitu ni kizuri hasemi tu kwamba kimempendeza yeye, bali hudai ridhaa ya watu wote, ilhali hana kanuni ya kuwalazimisha waridhie. Dai hilo la ajabu nataka kulichungua, na nalichungulia Sumbawanga.

Huko, juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wafunge milango mapema, nakala moja ya riwaya hupita mikono mingi kabla haijachakaa, na kila mkono huipokea pamoja na maneno ya mkono uliotangulia. Aliyesifu hana pa kujificha: atakutana na aliyemwazima sokoni, au nje ya kanisa baada ya misa, naye ataulizwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa huko alimwazima muuguzi kijana riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, ikafasiriwa na mwandishi mwenyewe, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Nakala ilikuwa imepoteza jalada, ikavikwa karatasi ya mfuko wa saruji na kushonwa mgongo kwa uzi wa magunia. Binti alipoirudisha alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Kitabu chako kimenichosha." Mzee hakukasirika wala hakukitetea kitabu. "Marahaba, mwanangu. Kimekuchosha ukurasa gani?"

Akamwonyesha. Ni pale Myombekere, aliyechukuliwa mkewe na wakwe kwa sababu hawakujaliwa mtoto, anapotozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe, na mwandishi anaifuata kazi ile hatua kwa hatua bila haraka yoyote. Kisha binti akaongeza, kwa mshangao, kwamba kurasa hizo hizo alimsomea bibi yake, mwanamke aliyejifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 na ambaye macho yake sasa yamemkatalia herufi. Bibi huyo amepika pombe ya ulezi maisha yake yote. "Huyo mtu anaijua kazi," alisema, na akataka asomewe tena.

Nani kati yao alikisoma kitabu sawasawa? Mwenye kushika kauli ya ladha atajibu kuwa ni wote wawili, na hapo mazungumzo yamekufa. Mwenye kumfuata Kant hadi mwisho ataitafuta ridhaa moja, na ataikosa. Mimi naona maoni juu ya kitabu ni ushahidi: hayaelezi kitabu peke yake wala msomaji peke yake, bali jambo lililotukia baina yao, na kwa hivyo yaweza kuwa ya kweli au ya uongo, hata kama mashahidi wawili waaminifu, waliosimama pande mbili, wameona mambo mawili. Shahidi wa uongo ni yule anayesifu kitabu asichokimaliza, au anayekisifu kwa kuwa wakubwa wamekisifu, au, na huyu ndiye mwenye hila zaidi, anayekidharau ili asidhaniwe mshamba. Uchovu wa binti ulikuwa na ukurasa wake, na furaha ya bibi ilikuwa na ukurasa wake, tena uleule.

Kuhusu kitabu cha kufuata, desturi ni kumpa msomaji kinachofanana na kilichompendeza. Mwalimu alimpa binti Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe kama Kitereza, riwaya ya mwaka 1971 iliyopata kupigwa marufuku shuleni. Alikuwa amesikia, ndani ya malalamiko ya binti, hoja ambayo binti hakuitamka: kwamba mtu anayepokea zahanati wasichana wadogo wenye mimba hana subira na dunia yenye subira. Sijui njia iliyo bora ya kuchagua kitabu kuliko hiyo, ya kukichagua kwa ajili ya ugomvi ambao msomaji tayari anao moyoni.

Hoja hii ya ushahidi, hata hivyo, ina tokeo linalonisumbua. Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya ngano walizosimulia Wafipa, akazitoa katika kitabu There Was a Certain Man, kilichochapishwa Oxford mwaka 1978. Ni kazi ya heshima, na wasomaji wa vyuo vikuu wanaweza kuihukumu watakavyo. Lakini bibi yule, ambaye angeweza kusema ni ngano ipi imekatwa, ipi imekolea, na wapi msimulizi alipaswa kunyamaza, hawezi kuitwa kushuhudia, kwa kuwa maneno ya watu wa rika lake na la wazazi wake yamefungwa katika lugha asiyoijua. Hukumu ya kitabu hicho haijatimia maadamu wanaostahili kuitoa hawajasikizwa. Ningeulizwa leo Sumbawanga isome nini, ningekitaja hicho, kikiwa kimerudishwa kwa Kifipa na kwa Kiswahili, ukurasa mkabala wa ukurasa, na ningewaomba wachapishaji wetu waianze kazi hiyo wakati wazee wa umri wa bibi yule wangali wanaweza kuketi, wakasomewa, na wakakataa.